KUSHUKA NDIYO NGOMA

Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sisi wa reli twalijua sana neno hilo. Njia ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 hushuka kutoka Londiani, ikapita Kipkelion, Fort Ternan na Koru mpaka Muhoroni, na katika mteremko ule hakuna dereva wa treni ajifanyiaye apendavyo. Breki hupimwa kwanza, mwendo umeandikwa, mzigo umehesabiwa. Leo twataka kusema na ndugu zetu madereva wa barabara, hasa wale wanaoshuka kutoka Kericho kwenye majani chai mpaka Soin kwenye joto na miwa. Magari ya stima yameingia nchini, nayo yana breki ya namna ya pili, ambayo wengi hupewa bila kufundishwa.

Breki hiyo ni hii. Dereva akiinua mguu, magurudumu huizungusha mota, nayo mota hufanya stima na kuirudisha katika betri. Kufanya stima ni kazi nzito, kwa hiyo gari hushikwa likapunguza mwendo. Relini jambo hili si geni. Injini za dizeli zenye mota za stima zaweza kushika treni vivyo hivyo, ila stima ile huchomwa tu ikawa moto, ikapotea hewani. Treni za waya wa stima, kama zile za Tanzania zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, ndizo zenye nafasi ya kuirudisha katika waya.

Faida yake si ndogo. Kutoka Kericho mpaka bonde la Ahero mtu hushuka kimo cha mita 800 hivi. Gari la kilo 1,800 likishuka kimo hicho hutoa nguvu ya karibu uniti 4 za stima. Ukitumia breki ya mguu peke yake, nguvu hiyo huishia kuwa moto magurudumuni. Ukitumia breki ya stima, sehemu nzuri hurudi betrini, na breki za mguu hubaki baridi kwa siku ya hatari.

Magari mengi humpa dereva vipimo vya breki hiyo: cha chini, cha kati na cha juu. Watu huuliza kipi ni bora. Twajibu: iulize njia. Penye mteremko mrefu weka cha juu, tena kabla ya kuanza kushuka. Penye tambarare weka cha chini, uache gari lijiendee, kwa maana stima inayorudi hupungua njiani, lakini ile usiyoitumia haipungui. Penye mvua na tope punguza, kwa sababu breki hii hushika yale magurudumu yenye mota tu, nayo yaweza kuteleza. Na ukibeba abiria inua mguu polepole, mama mwenye mtoto asitupwe mbele.

Lakini hatari iko hapa. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea, kama debe lililojaa maji. Ukiijaza kabisa Kericho kisha ukashuka saa ile ile, breki ya stima itakuwa dhaifu au haitakuwapo, hata kama kipimo umekiweka juu. Magari mengine huongeza breki za kawaida yenyewe. Mengine humwachia dereva, yakamwonyesha alama ndogo tu mbele yake.

Mwenzetu mmoja yalimpata. Alikabidhiwa pikapu ya stima saa kumi na mbili asubuhi, betri imejaa na mzigo umejaa. Jana yake, kwenye tambarare, aliinua mguu gari likashika. Siku hiyo mteremkoni aliinua mguu gari likakimbia. Alikanyaga breki kona baada ya kona mpaka zikanuka kuungua. Alifika salama kwa rehema ya Mungu. Alipotoa habari, tajiri alisema ni uzembe, akamkata mshahara kulipia breki.

Twauliza: nani aliyeamuru betri ijazwe? Tangu Aprili 2023 iko bei maalum ya stima ya magari, na usiku ni nafuu zaidi. Hatumlaumu tajiri kwa kutafuta bei nafuu. Twamlaumu kwa kumpeleka mtu mteremkoni bila kumwambia kwamba breki aliyoizoea leo haipo, kisha kumlipisha.

Wako watakaosema gari lina kompyuta, masharti ya nini? Reli nayo ina mitambo mizuri, na bado masharti yameandikwa, kwa sababu mteremko hausamehe. Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori moja liliacha njia likaua watu zaidi ya 50. Hatusemi lilikuwa la stima. Twasema nchi hii ya vilima imekwisha kutufundisha kwa damu, haifai kungoja somo la pili.

Basi twataka mambo manne:

1. Kila dereva afundishwe breki ya stima, kwa saa za kazi zenye malipo, kabla ya kupewa gari.
2. Gari linaloanza safari juu ya mteremko liachiwe nafasi betrini, kama sehemu ya kumi, na agizo hilo liandikwe.
3. Dereva awe na haki ya kukataa kushuka kama breki hazijapimwa.
4. Asikatwe mtu mshahara kabla ya kuchunguza gari lilikabidhiwa katika hali gani.

Na ninyi madereva, msingoje agizo. Kabla ya kushuka tazama betri. Ikiwa imejaa, jaribu breki pale pale juu, ushuke polepole, ushike na kuachia, na zikipata moto simama zipoe. Kuchelewa nusu saa kwaweza kujibiwa mbele ya tajiri. Mauti hayana majibu.

Leteni habari zenu katika tawi. Neno la mtu mmoja huitwa uzembe. La watu mia huwa sharti la kazi.