Programu Isifungwe kwa Mashine Moja

Mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa kawaida huagizwa akokotoe wastani wa alama na kuuonyesha kwenye skrini. Mara nyingi mambo hayo mawili huyaandika katika mstari mmoja, na jibu likiwa sahihi hupewa alama zote. Utaratibu huu una kasoro, na yafaa walimu wauangalie upya.

Kasoro hiyo hudhihirika pale mkuu wa shule anapotaka alama zile zile zichapwe kwenye karatasi (na ni nadra karatasi isitakiwe), kisha wazazi wazipate kwa ujumbe wa simu. Programu hunakiliwa mara tatu. Kanuni ya kukokotoa inapobadilishwa, nakala moja husahauliwa, na mtoto mmoja huwa na wastani wa aina mbili.

Hata mabingwa walinaswa na jambo hili. Mwaka 1973 Joseph Ossanna wa Bell Labs, Marekani, aliandika troff, programu ya kupanga maandishi kwa ajili ya uchapaji. Iliulenga mtambo mmoja tu, CAT, uliopiga herufi kwa mwanga juu ya karatasi ya picha, na uliobeba aina nne tu za herufi kwa wakati mmoja. Tabia za mtambo huo zilipenya ndani ya programu. Ossanna alifariki mwaka 1977, naye Brian Kernighan akabaki na kazi ya kuikwamua.

Kernighan hakuiandika upya yote. Aliifanya itoe amri fupi za maandishi ya kawaida: tumia aina hii ya herufi, kwa ukubwa huu, sogea hadi hapa, weka herufi hii. Kila mtambo ukapewa programu yake ndogo ya kuzitekeleza. Hata hivyo, mpaka baina ya tabaka hizo haukuwa safi kabisa, kwani hakuna awezaye kupanga mstari bila kujua upana wa herufi, na upana huo hutofautiana baina ya mitambo. Basi vipimo vikatolewa ndani ya programu, vikawekwa katika jedwali la kila mtambo. Groff ya James Clark, iliyotolewa mwaka 1990, ilifuata mpango huo. Ndiyo maana ukurasa mmoja wa mwongozo huweza kusomwa kwenye skrini au kugeuzwa kuwa PDF.

Wako watakaosema kwamba mgawanyo huu ni mzigo kwa anayeanza. Sivyo, mistari michache tu huongezeka. Zoezi la wastani na litolewe mara mbili: juma la kwanza jibu liende kwenye skrini, juma la pili kwenye faili. Mwalimu anaposahihisha, atazame kwanza iwapo sehemu ya kukokotoa imeguswa.