Mgonjwa wa Figo Yuko Mikononi Mwetu

Ndugu wauguzi, tiba ya figo nchini mwetu imepiga hatua. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikafanya hivyo. Tunashukuru. Lakini tupige hesabu. Mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, hukaa kwenye mashine saa 12. Wiki ina saa 168. Akiwa amelazwa, saa 156 zilizobaki ni zetu sisi wa wodini.

Tuanze na mkono. Mgonjwa akishaunganishiwa mishipa kwa upasuaji, huchukua wiki kadhaa mshipa ule kukomaa hata uweze kupitisha damu ya kwenda kwenye mashine. Kisha anakuja muuguzi wa zamu ya usiku, ana haraka, anapima presha kwenye mkono huo huo, au anatafuta humo mahali pa kuweka dripu. Mshipa unaweza kuziba, na fedha za familia zikapotea pamoja nao. Karatasi iliyobandikwa kitandani, “Mkono huu usiguswe”, ingezuia yote hayo. Na kila zamu tuuguse mshipa kwa vidole: ukitetema, ni mzima, mtetemo ukikatika, daktari aitwe saa hiyo hiyo, asingojewe asubuhi.

Halafu maji. “Amekunywa kidogo” si kipimo. Kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni kama lita moja ya maji iliyobaki mwilini, kwa hiyo mgonjwa apimwe kila asubuhi kabla ya chai, kwa mizani ile ile. Nao ndugu wanaokuja na madafu na ndizi kwa mapenzi yao, nani amewaeleza kwamba potasiamu iliyomo, figo ikishindwa kuitoa, yaweza kuusimamisha moyo?

Linaloniuma zaidi ni ile kauli, “Huyo ni wa figo,” isemwayo kana kwamba jeneza limekwisha kuagizwa. Mgonjwa anaisikia. Tena mara nyingi si kweli: figo zilizofeli ghafla kwa kuhara, kwa malaria kali au kwa kuvuja damu baada ya kujifungua huweza kurudia kazi yake, mradi mgonjwa ahudumiwe mapema. Na huyu wa miaka mingi, tunamkemea kwa kunywa maji, lakini nani alimfundisha kusukutua na kutema, au kumumunya kipande cha barafu, kiu ikimzidi?

Wakuu wa hospitali nao wasikwepe. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku peke yake hawezi kupima mkojo wa kila mtu. Waongezeni watu. Wauguzi wa wodi za kawaida wapangiwe zamu katika kitengo cha kusafisha damu, wajifunze kwa macho yao, na mizani mbovu ya wodini itengenezwe wiki hii.