Mvua Imeanza, Twende Tuone Shoo. Na Ulipe Tiketi

Kila Machi simu yangu hujaa video za wasee walioko majuu wakishangilia ati baridi imeisha, maua yametoka, na wanatoka nje kuskiza muziki. Huku Nairobi mambo ni kinyume. Jua linatuchoma tangu Januari, halafu mawingu yanakusanyika upande wa Ngong, na jioni moja mvua ya masika inamwagika bila kupiga hodi. Nauli ya mat inapanda mara mbili, Thika Road inasimama, na kwa grupu kila mtu anatuma meseji ile ile: "Manze kunanyesha, mimi siji."

Hiyo meseji ndiyo nataka tuongelee leo. Huu ndio msimu wa mambo mazuri kwa hii jiji. Machi tarehe 27 ni Siku ya Maigizo Duniani. Aprili shule zikifunga, tamasha la kitaifa la drama za shule linafika kilele. Vikundi vya tao vinatoa michezo mipya, galari zina maonyesho, bendi zinapiga. Na huu pia ndio msimu viti vinabaki vitupu, kwa sababu sisi mavijana wa Nairobi tunaogopa matone kuliko tunavyoogopa deni.

Lakini kabla niwasomee nyinyi, wacha nijisomee mwenyewe.

Mimi nimekuwa mtu wa "niweke kwa listi." Mnanijua. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikaanza kutengeneza video, na wafuasi walipofika elfu chache tu nikaanza kujiona. Shoo ikitangazwa, silipi. Natumia waandalizi meseji: "Niaje, nipee tiketi mbili nitawapostia." Na walikuwa wananipa. Nilifikiria ninawasaidia. Mimi nimekuja na kamera yangu, wafuasi wangu, mnataka nini tena?

Sasa skiza kilichonipata.

Rafiki yangu mmoja ni mwigizaji. Kikundi chao kilikuwa na mchezo wikendi moja ya mvua, mwisho wa Machi. Nikaomba listi kama kawaida, na safari hii nikabeba mbogi yangu, watu wanne. Watano jumla, sote bure. Mchezo ulikuwa mtamu. Nilicheka hadi nikalia, halafu dakika kumi za mwisho nikalia bila kucheka. Nikapiga klipu ya sekunde kumi na tano, nikaposti, ikapata laiki kiasi, nikaenda kulala nikijipongeza.

Jumatatu tukapatana kwa kibanda, tukanywa chai na mandazi. Wakati wa kuondoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Niaje, unaeza nisort na soo moja ya fare? Nitakurudishia Ijumaa."

Nikamuuliza, "Si mlikuwa na shoo juzi? Doo imeenda wapi?"

Hakulalamika. Alinipigia tu hesabu. Ukumbini tulikuwa watu 43. Waliolipa ni 26, kila mmoja 800, hiyo ni 20,800. Wakatoa salio la ukumbi, fundi wa taa, mabango na usafiri wa vifaa. Ikabaki 6,300. Waigizaji walikuwa tisa. Kila mmoja akaenda nyumbani na 700. Kwa mazoezi ya wiki tano, kila jioni, kila mtu akijilipia nauli.

Halafu nikajipigia hesabu yangu kimyakimya. Watu 17 waliingia bure. Mara 800, hiyo ni 13,600. Hizo pesa peke yake zingewaongezea kila mmoja kama 1,500. Na kati ya wale 17, watano tulikuwa sisi. Elfu nne. Usiku ule ule tulitoka pale tukaenda kunywa, na bili yetu ilikuwa zaidi ya elfu nne. Hiyo tulilipa bila kuuliza kama kuna listi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mwezi huo huo kampuni moja ilikuwa imenitaka niwafanyie video tatu, malipo ni "tutakutangaza kwa kurasa zetu." Nilikasirika. Nikarekodi video nzima nikiwafundisha kwamba landilodi hapokei umaarufu. Mkashangilia, mkashea. Na mimi huyo huyo ndiye nilikuwa nimewalipa waigizaji tisa kwa sekunde kumi na tano za klipu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama uko na uwezo wa kununua chupa, uko na uwezo wa kununua tiketi. Usiombe ya bure. Na kama ni rafiki yako anaigiza, wewe ndiye wa kwanza kulipa.

Najua kuna mtu tayari anaandika "lakini maigizo si vitu za wazungu na watu wa mtaa wa juu?" Jameni. Wengi wetu tuliona igizo la kwanza tukiwa sekondari, kwa holi ya kulia, kikundi kikija kuigiza setibuku. Mimi niliona Kigogo ya Pauline Kea hivyo. Tumekaa kwa zile benchi za chakula, harufu ya githeri bado iko hewani, halafu Majoka anaingia na tumbo la mto, na shule nzima inapiga kelele. Nilikuwa nimesoma kitabu mara tatu na sikuwa nimekielewa. Siku hiyo nikaelewa kwa nini Sudi, fundi wa vinyago, anakataa kuchonga kinyago ambacho utawala unakitaka. Hakuna mzungu alikuwa pale. Alikuwa msee wa Umoja amevaa koti la babake.

Na hii nchi imewahi kuogopa maigizo kuliko inavyoogopa bunduki. Mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, pale Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Watu walijaa. Serikali ikafuta leseni wiki chache tu baadaye, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka wa 1982 ukumbi wao wa wazi ukabomolewa kabisa. Watu walijenga ukumbi kwa mikono yao, na ulionekana hatari hadi ukaangushwa.

Kama unaona hiyo ni historia ya wazee, basi kumbuka Aprili 2025. Wasichana wa Butere walifika Nakuru na Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeamua waigize. Mwandishi wao Cleophas Malala akazuiwa kuwafikia, polisi wakazuia watu, vitoza machozi vikarushwa. Wale wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Tuliposti wote siku hiyo. Mimi pia niliposti, kwa hasira kabisa. Lakini kuna njia mbili za kunyamazisha igizo. Moja ni kuwafukuza watazamaji na moshi. Nyingine ni watazamaji kukaa tu nyumbani, na hiyo haihitaji polisi hata mmoja.

Sasa nijibu zile hoja zenu, kwa sababu zingine ni za ukweli.

Ya kwanza: "Sina doo." Hiyo naelewa, na sitakutusi. Kuna miezi hata mimi sina. Lakini kuna vitu hazihitaji kiingilio. Nairobi Contemporary Art Institute, ile mchoraji Michael Armitage alianzisha, iko kwa mall ya Rosslyn Riviera na unaingia bure. Alliance Française pale tao huwa na maonyesho ya picha na wakati mwingine muziki wa bure kwa bustani.  Mukuru kuna Wajukuu, kikundi cha wasanii wa mtaa ambao mwaka wa 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, moja ya maonyesho makubwa zaidi ya sanaa duniani. Dunia iliwajua kabla ya wewe unayeishi stejini chache kutoka kwao.

Na kuna Nairobi Gallery. Ile nyumba ya mawe ya zamani pale kando ya Nyayo House, ambayo sisi huipita tukikimbilia foleni ya pasipoti. Ilijengwa 1913. Wakati wa ukoloni watu waliandikishwa pale wakizaliwa, wakioa na wakifa. Leo ndani kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya: vitambaa, shanga, michoro kutoka kote Afrika. Kiingilio kiko, lakini ukienda na kitambulisho chako cha Mkenya hautalipa kama mtalii. Mimi niliingia mara ya kwanza juu nilikuwa nakimbia mvua. Nilikaa saa mbili.

Kama hauna doo, sema tu hauna. Uliza kama kuna bei ya wanafunzi. Jitolee kusimama mlangoni au kupanga viti. Lakini usijifiche nyuma ya "nitawapostia" kama mimi.

Hoja ya pili: "Shoo zetu huchelewa, na zingine ni mbaya." Ukweli. Nimewahi kwenda shoo iliyotangazwa saa kumi na mbili na nusu jioni ikaanza saa moja na robo, bila mtu kutuomba msamaha. Waandalizi, hapa mimi siwatetei. Mtu anayekaa Kayole au Rongai anahesabu mat ya mwisho, na dem anayerudi nyumbani peke yake saa nne usiku anahesabu mengine pia. Anzeni kwa wakati. Andikeni kwa bango mchezo utaisha saa ngapi. Fikirieni shoo za saa tisa mchana Jumamosi, mtashangaa watu watakuja.

Kuhusu shoo mbaya: ukilipa, uko na haki ya kusema ilikuwa mbaya. Hiyo ndiyo kitu nimegundua tangu nianze kulipa. Zamani nikiingia bure nilikuwa naposti "shoo moto sana" hata kama nililala, juu nilikuwa nataka listi ya wiki ijayo. Sasa kama mchezo umenichosha nasema umenichosha na kwa nini. Wiki iliyopita mwelekezi mmoja alinitumia meseji akasema asante, hakuna mtu alikuwa amemwambia sehemu ya pili ni ndefu. Kumbe watu wa listi ndio hatuna msaada kabisa. Tunawadanganya wasanii na tunawadanganya nyinyi.

Hoja ya tatu imetoka kwa mathe. Nilipomwambia nimelipa 800 kuona watu wakiigiza, aliniangalia vile huniangalia tangu niache chuo. "Wewe huna kazi, unaenda kulipa watu wengine ambao hawana kazi?" Sikuwa na jibu la haraka. Lakini nimelifikiria. Mathe huuza nguo Gikomba. Mtu akija kwa kibanda chake akasema "nipe hii rinda bure nitaambia marafiki zangu," atafukuzwa na maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Yeye anajua kazi ni kazi. Shida ni kwamba hajawahi kuona hii ikifanywa, kwa hivyo haioni kama kazi. Wikendi hii nimemnunulia tiketi. Amesema atakuja kama mvua haitanyesha. Nimemwambia atakuja hata ikinyesha, nitabeba mwavuli.

Yule rafiki yangu alinirudishia ile soo moja Ijumaa, kama alivyosema. Nilijaribu kuikataa, akakataa kukataliwa. Mimi nikamtumia elfu nne kwa M-Pesa, za ile jioni ya watu watano, na nikaandika tu "tiketi." Alinipigia akiuliza kama nimekosea namba.

Wana mchezo mpya Jumamosi. Nitakuwa kwa foleni kama kila mtu, viatu vikiwa na matope. Wale wanne wa mbogi yangu wakitaka kuja, tiketi ni 800.