Je, Panya Ana Jana?

Mzee aliyestaafu jeshini aweza kusahau kama amekunywa chai asubuhi, wala asijue ni nani aliyekuja jana kutoka Buyenzi kumjulia hali. Lakini mwulize namna ya kufungua bunduki na kuisafisha, naye atakueleza hatua kwa hatua. Watoto wake hudhani anajisahaulisha kwa makusudi. Hawamtendei haki. Mwaka 1972 mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, Endel Tulving, aliitenga kumbukumbu ya matukio na ile ya maarifa, na ugonjwa wa Alzheimer aghalabu huanza kwa kuishambulia ile ya matukio.

Dawa za ugonjwa huo hujaribiwa kwanza kwa wanyama, hasa panya, na hapo ndipo penye mashaka. Askari wengi wamepata kusikia habari za panya buku wa Morogoro, Tanzania, ambao shirika la APOPO huwafunza kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Magawa alijua vema kwamba harufu ya kilipuzi humletea chakula. Lakini kulijua jambo hilo si kuikumbuka siku aliyofundishwa. Dawa iliyopimwa kwa ujuzi wa namna hiyo pekee huenda isimfae kitu yule mzee.

Basi panya, asiyeweza kusema, ataulizwaje habari za jana? Mwaka 2006 Stephanie Babb na Jonathon Crystal wa Marekani walitumia kizimba chenye vichochoro 8 vilivyotoka katikati kama mionzi ya jua. Kwanza panya alifunguliwa vichochoro 4, baadhi vikiwa na chakula cha kawaida na vingine chakula chenye ladha aipendayo. Akirudishwa baada ya saa 1, mahali pa ile ladha pamebaki patupu. Akirudishwa baada ya saa 25, pamejazwa tena. Panya walijifunza kupaendea zaidi baada ya muda ule mrefu. Kisha wakafanywa waichukie ladha moja kwa dawa ya kichefuchefu, nao wakapunguza kwenda pale tu ilipokuwa ladha hiyo. Kwa hiyo walikuwa wameshika mambo matatu kwa pamoja: walikula nini, wapi, na lini. Mama mwenye nyumba ambaye ndagala zake huibwa stoo kila usiku hatastaajabu sana.

Wakosoaji hawakunyamaza. Walisema huenda panya hupima muda uliopita tu, kama tumbo lipimavyo njaa. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na mwaka 2009 Wenyi Zhou na Crystal walilijibu kwa kutofautisha chakula kilichopatikana asubuhi na kile cha alasiri; panya wakaonyesha kwamba huushika wakati wenyewe wa tukio. Hata hivyo wataalamu wenye hadhari husema ni kumbukumbu inayofanana na ya matukio, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kama panya huiona jana moyoni mwake kama aionavyo mwanadamu.

Jaribio lililo karibu zaidi na mgonjwa lilitangazwa mwaka 2018 na Danielle Panoz-Brown pamoja na Crystal na wenzao. Panya walinusishwa harufu nyingi moja baada ya nyingine, bila kujua mfululizo utakomea wapi, kisha wakatakiwa kuchagua ile ya pili au ya nne kutoka mwisho. Waliweza. Ndipo wataalamu walipoizima kwa muda hipokampasi, sehemu ya ubongo ambayo Alzheimer huidhuru mapema. Panya waliendelea kuzitambua harufu, lakini mpangilio wa matukio uliwapotea, sawa na yule mzee aijuaye bunduki yake asimjue mgeni wa jana.