Mgonjwa wa uti wa mgongo bado ni mume

Kwenye Waiyaki Way jijini Nairobi, pale Mountain View, vijana wa bodaboda hupenya kati ya matatu na malori tangu alfajiri. Mmoja akianguka vibaya, uti wa mgongo ukaumia, akibahatika kupata kitanda hufika Hurlingham, kwenye hospitali ya kitaifa ya majeraha hayo. Mwanamume wa namna hii hurudi nyumbani akijua kujigeuza asipate vidonda vya kulalia, kutunza mpira wa mkojo, kuendesha kiti cha magurudumu. Swali moja hubaki kooni: unyumba je?

Amuulize nani? Muuguzi ni rika la bintiye. Mama yake mzazi ameketi kando ya kitanda. Mkewe naye anaona haya kuuliza, asije akadhaniwa hana huruma.

Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Kim Anderson, alichapisha majibu ya watu 681 wenye majeraha haya kuhusu kile wangependa kirudi kwanza. Waliopooza mikono na miguu walitaja mikono. Miongoni mwa waliopooza miguu tu, kundi kubwa zaidi lilitaja tendo la ndoa. Kutembea kulikuja baadaye.

Na majibu ya kitabibu yapo. Neva zinazosimamisha uume unapoguswa hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti. Aliyeumia juu ya hapo mara nyingi bado husimamisha, hata kama hahisi. Vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwafaa wengi. Kutoa shahawa ndiko kugumu zaidi, lakini kuna kifaa cha mtetemo, na daktari anaweza kuzitoa mbegu mwilini, mke akashika mimba. Hatari ipo pia: aliyeumia usawa wa katikati ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na presha ghafla wakati wa tendo, kichwa kikamuuma sana, jasho likamtoka. Hapo aache mara moja, aketi wima, na hali isipotulia akimbizwe hospitali.

Mambo mazito hivi tumewaachia waganga wanaobandika namba zao kwenye nguzo za stima. Hilo linatuudhi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Hakikusema isipokuwa waliopooza.

Tunadai jambo moja, na halihitaji jengo jipya. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, mhudumu aliyefunzwa aketi naye faraghani na aanze yeye kuuliza. Mke aitwe, mume akiridhia. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) nayo iseme wazi ni dawa na vifaa gani vya matatizo haya inavyolipia. Na kijana ambaye hajaoa asirukwe, kwa sababu yeye ndiye anayetoka wadini akiamini kwamba hataoa kamwe.