Tisa Desemba na Amana Zake

Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Desemba, wananchi wa Tanzania Bara hukumbuka kwamba siku kama hiyo, mwaka 1961, Tanganyika ilijitawala. Hapa Ufipa siku hiyo huwakuta wengi wetu mashambani, kwa kuwa mvua zimekwisha kuanza na mahindi hayangoji sherehe. Lakini tarehe hii imebeba mambo mengine mazito ambayo ni wachache wanaoyakumbuka, na mojawapo linawahusu watoto wa Rukwa kwa namna ya pekee. Kwa hiyo tumeona ni vema tuwatajie wasomaji wetu mambo hayo, kisha tujiulize yanatudai nini.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, jijini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilishushwa na bendera ya Tanganyika ikapandishwa, na Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha Mwenge wa Uhuru juu ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka mmoja baadaye, tarehe iyo hiyo, Tanganyika ikawa Jamhuri na Mwalimu Julius Nyerere akawa Rais wake wa kwanza. Kabla ya hapo, tarehe 9 Desemba 1917, mji wa Quds ulisalimishwa kwa jeshi la Uingereza, na utawala wa Dola ya Uthmaniya uliodumu humo takribani miaka 400 ukakoma. Tarehe 9 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Tarehe 9 Desemba 1979, wataalamu waliokutana Geneva walitia saini hati ya kuthibitisha kwamba ugonjwa wa ndui umetoweka duniani. Na tarehe 9 Desemba 2003, huko Mérida nchini Mexico, mataifa yalianza kutia saini mkataba wa kupambana na rushwa; ndiyo sababu siku hiyo ni ya kupinga rushwa ulimwenguni kote.

Mtu anaweza kustaajabu na kusema kwamba siku hii ina siri. Haina. Baadhi ya tarehe hukutana kwa sababu wanadamu wamezichagua. Viongozi wa Tanganyika waliamua Jamhuri izaliwe siku ya Uhuru, kama vile TANU na ASP zilivyoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, miaka 10 kamili baada ya Azimio la Arusha. Nyingine hukutana kwa bahati tu, maana siku za mwaka ni chache na matukio ya dunia ni mengi. Tena, ukihesabu kwa Hijra, hata Uhuru na Jamhuri haviangukii siku moja: Uhuru ulipatikana mwanzoni mwa Rajabu 1381, na Jamhuri ikaja karibu na katikati ya Rajabu 1382.

Jambo hili tunalisisitiza kwa makusudi. Mji wetu wa Sumbawanga unabeba katika jina lake agizo la kutupa uchawi, na bado wapo miongoni mwetu wanaoogopa kusafiri siku fulani, au wanaosema kwamba mwezi fulani una nuhusi. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahimu huko Madina, jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Angeweza kunyamaza, na heshima yake ingezidi machoni pa watu. Badala yake aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Hili ni fundisho kubwa: mambo mawili kutukia siku moja si hoja kwamba moja limeleta jingine.

Basi, kama siku haina nguvu yake yenyewe, kwa nini tuikumbuke? Tunaikumbuka kwa sababu Nabii Musa (a.s.) aliamriwa awakumbushe watu wake siku za Mwenyezi Mungu. Na siku ya Ashura, ambayo Bani Israili waliokolewa na Firauni, Mtukufu Mtume (s.a.w.) aliikumbuka kwa kufunga. Ni siku iyo hiyo ambayo baadaye, mwaka wa 61 Hijra, Imamu Husein aliuawa Karbala. Shukurani na huzuni vikakaa katika tarehe moja. Tunajifunza hapa kwamba ukumbusho wa kweli ni tendo, na wala si kelele. Hata serikali imepata kulifanya hilo: mwaka 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa ili siku hiyo ifanywe ya usafi nchini, na mwaka 2022 shilingi milioni 960 zilizotengwa kwa sherehe zilielekezwa kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Tukichukua kipimo hicho, kila tukio la tarehe hii linakuwa amana. Mkataba wa mwaka 1948 ulikuwa ahadi, na mkoa wetu umeona kwa macho ahadi hiyo ilivyovunjwa. Makazi ya Katumba na Mishamo wilayani Mpanda, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, yalianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwaka 1994 ikafuata Rwanda. Karatasi iliyotiwa saini haikumkinga mtu pale ambapo majirani walikubali kuambiwa kwamba jirani yao si binadamu. Mwenye kusambaza chuki ya kabila au ya dini katika kijiwe cha kahawa anaivunja amana hiyo, hata kama hajashika panga.

Lakini amana tunayotaka kuizungumza zaidi ni ile ya mwaka 1979. Vijana wetu hawaujui ugonjwa wa ndui, na kutoujua kwao ni neema. Ulipoanzishwa mpango mkubwa wa kuufuta, mwaka 1967, inakadiriwa watu milioni 10 hadi 15 waliugua duniani kwa mwaka mmoja. Waliopona wengi walibaki na makovu usoni, na baadhi wakapofuka. Wanazuoni wa Kiislamu walishughulika nao tangu zamani. Abu Bakr ar-Razi aliandika kitabu cha kutofautisha ndui na surua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ila kilichoumaliza ni chanjo, na watu waliotembea kijiji kwa kijiji kuipeleka.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa ndugu yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, aliyetokwa na vipele mwezi Oktoba 1977. Alikuwa amefanya kazi hospitalini na hata hivyo aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kuwaendea wazazi waliosita, akiwasimulia yaliyompata ili wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio. Alifariki kwa malaria mwezi Julai 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Sasa tujitazame sisi. Mwaka 2023, mtoto mmoja hapa mkoani Rukwa alithibitika kuwa na polio, na mwezi Septemba mwaka huo kampeni ya chanjo ikaendeshwa katika mikoa 6, ukiwemo wetu. Wako waliouliza: je, si kweli kwamba virusi hivyo vilitokana na chanjo yenyewe ya matone? Ni kweli, na hatuna sababu ya kuficha. Virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo hiyo, vikizunguka kwa muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, huweza kubadilika na kupata nguvu ya kupoozesha. Lakini hao wanaokutwa na madhara ni watoto wasiochanjwa au waliopata dozi pungufu. Kwa hiyo hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, inamtaka mzazi apeleke mtoto, wala haimruhusu kumficha.

Tunawaomba maimamu wa misikiti yetu, kuanzia Sumbawanga mjini, Laela na Matai hadi Namanyere na Kirando, walitaje jambo hili katika hotuba za Ijumaa. Wazazi wazitazame kadi za kliniki za watoto wao. Palipo na pengo, paende kuzibwa. Wanaoishi mbali, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika au chini katika bonde la Ziwa Rukwa, wasaidiwe nauli na majirani wenye uwezo. Na mhudumu atakayedai chochote kwa chanjo ambayo hutolewa bure akumbuke kwamba tarehe 9 Desemba ni siku ya kupinga rushwa pia.

Wazee wetu wa Ufipa waliyafukia majani katika matuta, wakayaacha yaoze, na msimu uliofuata wakayatawanya shambani ili ulezi ustawi. Hawakuyafukia ili wayatazame. Yaliyopita nayo ni hivyo hivyo: yakitawanywa katika matendo ya leo, hulisha, yakiachwa katika tuta, hayamlishi mtu. Uhuru ulipatikana kwa watu waliofanya kazi, na ndui iliondoka kwa watu waliofanya kazi. Hakuna hata kimoja kilicholetwa na tarehe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza amana, awalinde watoto wetu na kila maradhi, na azitie baraka mvua za msimu huu. Amin.