Kolo si Makumbusho

Bibi yangu alikuwa Mwislamu safi. Alifunga Ramadhani na hakukosa swala. Lakini mwaka ambao mvua ilichelewa na uwele ukaanza kujikunja shambani, aliwapelekea wazee debe la mtama la pombe ya tambiko, na wala hakujiona amemkosea Mungu. Nilipomuuliza alinijibu, "Mjukuu wangu, mvua ni ya Mungu. Wazee wanakwenda kuomba, hawaendi kuiba."

Namkumbuka kila ninaposoma makala za utalii kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa. Twiga wamo, swala wamo, watu wembamba wa rangi nyekundu wamo. Bibi hayumo.

Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro hii kwenye orodha ya Urithi wa Dunia: mapango zaidi ya 150 katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Tulishangilia, na haki yetu. Ila wengi tumesahau kwamba sifa mojawapo iliyotuingiza humo ni kuwa baadhi ya mapango bado yanatumika kwa ibada. Mongomi wa Kolo ni mojawapo. Watu huenda pale kuomba mvua na uponyaji. Sasa ukiwafukuza hao ili kulinda urithi, umelinda nini?

Najua nitajibiwa: pombe inayomwagwa kwenye mwamba inaharibu michoro. Ni kweli, sibishi. Lakini kuna tofauti kati ya kukaa na wazee mkakubaliana pombe imwagwe wapi, na kuwaambia hapa ni mali ya serikali, ombeni kibali. Kondoa tunaijua hadithi hii. Mradi wa HADO ulianza mwaka 1973 kuokoa ardhi iliyoliwa na makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa. Miti ilirudi, tushukuru. Lakini waulize waliokuwa na ng'ombe kama kuna aliyewauliza wao kwanza.

Kuna na hawa wahubiri wetu. Nimesikia msikitini, nimesikia kanisani: Kolo ni mambo ya mashetani, ni ushirikina. Jamani, dini zote mbili zilitukuta hapa na zikapokewa vizuri. Mrangi anaweza kumzika baba yake kwa dua asubuhi, jioni akakaa na wazee wa ukoo wake kuzungumza ya mababu. Hajachanganyikiwa. Ndivyo tulivyoishi bila kugombana.

Kinachonichekesha ni kwamba mhubiri na mfanyabiashara wa utalii, ambao hawapatani kwa jambo lolote, hapa wamekubaliana: mzee wa tambiko aondoke. Mmoja anamwona mchafu wa imani, mwingine anamwona anachafua picha.

Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, alitoa kitabu chake mwaka 1983 akakiita *Africa's Vanishing Art*, yaani sanaa ya Afrika inayotoweka. Alikuwa na sababu, maana jua, maji na mikono ya watu vinaifuta kweli. Lakini mimi naogopa zaidi kutoweka kwa wale wanaojua pango lile ni la nini. Rangi ikififia, nakala zipo. Mzee akifa bila kumrithisha mtu, nakala yake iko wapi?

Sisemi watalii wasije. Waje, maana magari mengi yanaishia Ngorongoro na Serengeti, na vijana wa Kolo wanahitaji kazi. Ninachodai ni hiki: wazee wawemo kwenye kila kikao kinachoamua juu ya mapango, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini. Na mgeni akifika siku ya tambiko, aambiwe asubiri. Mbona msikitini tunasubiri swala iishe ndipo tupige picha?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aondoke.